Seva ya simu inawaka, lakini simu hazipiti

"Si mlisema seva iko hewani?" Swali hili mafundi wa simu za intaneti tunaulizwa kila mara. Hewani ipo, na ukiipigia ping, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza kama mashine ipo, inajibu. Lakini ping hujibiwa na mashine. Programu ya simu iliyo ndani yake inaweza kuwa imekufa tangu asubuhi.

Simu ya intaneti hupita njia mbili. Itifaki (kanuni za mawasiliano) ya SIP hupanga nani anampigia nani, kwa kawaida kwenye poti (mlango wa mtandao) namba 5060, au 5061 mawasiliano yakisimbwa. Sauti yenyewe hubebwa na itifaki nyingine, RTP, kwenye poti nyingine kabisa. Fayawoli, yaani kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, ikiruhusu ya kwanza na kuzuia ya pili, simu inaita, inapokelewa, halafu kimya.

Ndiyo maana uangalizi wa chini kabisa ni kuitumia seva ujumbe wa SIP uitwao OPTIONS, unaojibiwa na programu ya simu yenyewe, tuseme kila dakika, na kupima inakawia kiasi gani kujibu. Mimi siridhiki na hapo. Napendelea mtambo unaopiga namba ya majaribio, unaocheza mlio na kuhakikisha mlio ule umerudi. Kuhusu kuchelewa kwa sauti, ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake G.114 inaeleza kuwa sauti ikichelewa chini ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, mazungumzo mengi hayaathiriki.

Tuje kwenye seva ya akiba. Mpango wa kawaida ni seva mbili kugombea anwani moja ya IP kwa itifaki ya VRRP: kuu hutangaza kila sekunde kwamba ipo, na ikinyamaza kwa sekunde tatu na ushei, ya akiba huichukua anwani. Hapa ugonjwa wa ping unarudi. Programu ya simu ikifa na mashine ikabaki hai, matangazo yanaendelea kama kawaida na akiba haishtuki. Lazima VRRP iunganishwe na kipimo cha SIP, na anwani ihame tu kipimo kikishindwa mara mbili tatu mfululizo, la sivyo anwani itarukaruka kwa kila mkwaruzo wa mtandao.

Simu zinazoendelea kupitia seva iliyokufa kwa kawaida zitakatika. Hilo mwambie mteja mapema. Kinachosumbua zaidi ni usajili, yaani kila simu kuiarifu seva inapatikana wapi. Simu zikijisajili kila sekunde 3600 na akiba haina nakala ya orodha hiyo, watu wataweza kupiga lakini hawatapigiwa, pengine kwa saa nzima. Ama seva zishirikiane orodha, ama muda ufupishwe hadi dakika mbili hivi, ukikubali mzigo unaoongezeka.

Waya kati ya seva hizo ukikatika, kila moja itajiona ndiyo kuu. Zipe njia ya pili ya kusikilizana.

Na ujumbe wa kutahadharisha kwamba seva imezimika upite njia nyingine. Nimewahi kukuta mfumo uliopangwa kumpigia fundi wa zamu kupitia seva ileile iliyozimika.