Tahadhari ya Nzige Haitaji Shamba la Mtu

Tangu makundi ya nzige wa jangwani yalipoingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, kila tahadhari inayotolewa hufuatwa na lalamiko lile lile: mlisema watakuja, mbona kwangu hawakufika? Anayeuliza hivyo huwa ameisoma ramani ya uwezekano, inayoonyesha tu wapi nzige huenda wakafika, kana kwamba ni ratiba ya basi.

Nzige aliye peke yake hutangatanga, na mwendo huo wa nasibu una hesabu yake: ili umbali kutoka alipoanzia uongezeke maradufu, kwa wastani huhitaji muda mara nne. Hesabu hiyo huvurugika wanaposongamana, kwa sababu kila mmoja huanza kufuata mwendo wa jirani zake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa, waliwekwa kwenye uwanja wa mviringo maabarani. Wachache walishika kila mmoja njia yake. Walipoongezwa walizunguka pamoja, ila waligeuka ghafla mara kwa mara. Msongamano ulipopita takriban 74 kwa mita ya mraba, kugeuka kukakoma. Modeli, yaani hesabu ya kuiga mwendo wao, iliweza kubashiri kwamba wataandamana, lakini kuandamana kulia au kushoto kulitegemea bahati. Wakishaota mabawa upepo nao huingia hesabuni, na kundi huweza kusafiri hadi kilomita 150 kwa siku.

Anayewaona atoe taarifa siku hiyo hiyo kwa afisa wa kilimo wa wadi, akitaja mahali, saa, kama ni tunutu au wenye mabawa, rangi yao (wa waridi hawajakomaa, wa manjano wamekomaa), na idadi yao katika mita moja ya mraba, ikihesabiwa sehemu kadhaa badala ya pale walipojazana tu. "Ni wengi sana" haiingii kwenye hesabu yoyote. Asikimbilie kunyunyiza dawa kwa kubahatisha, kwani kutumia dawa ya wadudu katika hali isiyo salama ni kosa chini ya sheria ya bidhaa za kudhibiti wadudu (Sura ya 346 ya Sheria za Kenya), na nzige walionyunyiziwa hawaliwi wala hawapewi kuku, hata wakiwa bado wanarukaruka.

Aliyekagua shamba lake asione hata mmoja naye apeleke sifuri yake pamoja na tarehe. Mahali pasipo taarifa hulazimika kuhesabiwa kuwa hapajakaguliwa, na tahadhari hubaki juu yake hata kama nzige walishapita zamani.