Saa tisa asubuhi

Waliotusubiri Ijumaa iliyopita, tuwieni radhi. Kipindi chetu cha sauti kilikuwa kimeshahaririwa, kimebaki kupandishwa mtandaoni tu, kisha tukakifumua karibu nusu. Sababu ni maneno matatu.

Kipindi chenyewe ni cha vita vya Unguja vya mwaka 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na siku hiyohiyo binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasri na kujitangaza mrithi. Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamud bin Muhammad. Wakampa Khalid muda wa mwisho wa kushusha bendera na kutoka: tarehe 27, saa ambayo nyaraka zao zinaiandika 9. Mwandishi wetu akaweka "saa tisa asubuhi", msimuliaji akaisoma kwa sauti yake nzito ile, nami nikaipitisha huku nimevaa hedifoni za bei mbaya. Hakuna aliyeshtuka.

Kila kipindi huwa tunamtumia kwanza mzee mmoja wa Malindi, Unguja. Akanijibu kwa sauti, WhatsApp: "Mwanangu, mie saa tisa nazijua mbili. Ya usiku, jogoo hajawika, na ya mchana, watu wameshakula. Hiyo ya asubuhi mmeitoa wapi?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Msomaji wa kitabu angerudi nyuma na kujisahihishia mwenyewe. Msikilizaji yuko kwenye daladala, neno likishapita limepita, na akishaiweka vita gizani hatairudisha mchana. Ikabidi turekodi upya kila palipotajwa saa. Khalid hakutoka, na mizinga ya Waingereza ilianza saa tatu na dakika mbili asubuhi, ikanyamaza saa nne kasoro dakika ishirini hivi. Dakika 38 kwa hesabu hiyo. Wengine wanahesabu tofauti kidogo.

Tulivyokuwa tumeshafungua faili, nikagusa na kitu kingine kilichokuwa kikinikera: mlio wa mizinga. Toleo la kwanza lilikuwa nao mwingi mno. Sikio huzoea upesi. Mshindo wa kwanza unakurusha, wa kumi unausikia kama mvua ya bati. Sasa imebaki mitatu tu. Mahali pake kuna mtu anayetaja saa kila baada ya dakika tano, bila muziki, na kabla hajataja tena tunaeleza yanayotokea: Beit al-Hukm, jengo la kasri ambalo sehemu kubwa lilikuwa la mbao, linashika moto na watu wamo ndani, Glasgow, meli ya sultani, inazama palepale bandarini. Sehemu hiyo inakwenda dakika 38 kamili. Mwenzangu anasema ni ndefu. Ndiyo, ni ndefu. Nimechoka kuisikia vita hii ikitajwa kwenye chemshabongo kama kichekesho, eti fupi kuliko zote duniani, wakati upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Kipindi kinatoka Ijumaa hii. Kinachofuata ni cha Khalid mwenyewe, aliyekimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Waingereza wakamvizia nje, akitia mguu barabarani tu wamkamate. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa hadi ukutani kwa balozi, mashua ya Seeadler, manowari ya Wajerumani, ikasogea, akaingia bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata huko mwaka 1916, wakamhamishia Ushelisheli na St Helena. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Sauti ya maji ya kujaa tumeirekodi wenyewe ufukweni Mji Mkongwe, saa kumi usiku, maana mchana boti za watalii hazikupi hata dakika mbili za utulivu. Ukisikiliza vizuri kuna paka analia kwa mbali. Tumemwacha.