Kampeni ya kwanza: hesabu Jumapili kabla ya kuchagua joka

Anayetaka kuongoza kwa mara ya kwanza meza ya mchezo wa kuigiza wahusika, kama Dungeons & Dragons, huuliza kampeni ipi, yaani kisa kipi cha vikao kadhaa, ni tamu. Mimi nauliza kwanza: mna Jumapili ngapi? Chukua meza ya kawaida ya hapa Lubumbashi: MJ (kiongozi wa mchezo) na wachezaji wanne, mmoja anatoka Ruashi, mmoja Katuba, wawili wako chuo kikuu, UNILU. Mkipatana saa nane, mtaanza saa nane na nusu. Kabla giza halijaingia na usafiri haujawa wa kugombania, mna saa tatu za mchezo wenyewe. Mkikutana mara mbili kwa mwezi, vikao 10 ni miezi mitano, na ndani yake kuna mitihani, matanga na mvua za Januari. Kwa hiyo kampeni ya kwanza naipimia vikao 4 hadi 6. Ikizidi hapo, ikate.

Kwa kipimo hicho Curse of Strahd ya 2016 inatoka mapema, hata kama ndiyo inayosifiwa kila mahali. Inawapeleka wahusika kutoka ngazi ya 1 hadi ya 10, na ndani yake kuna maadui ambao dawa yao ni kukimbia. Mchezaji mgeni hakimbii. Akiona MJ ameleta adui, anadhani ameletewa ampige.

Katika Dungeons & Dragons zinabaki mbili ninazozipendekeza. Ya kwanza ni Dragons of Stormwreck Isle ya 2022: kisiwa kimoja, ngazi ya 1 hadi ya 3, wahusika watano walioandaliwa tayari. Inaanza na maiti za mabaharia zinazotoka majini, na huo ni mwanzo mzuri kwa sababu maiti hutembea polepole kuliko wahusika. Mchezaji akikosea, anaweza kurudi nyuma na kufikiri. Jambo la kumwambia mapema: maiti ikiishiwa PV (alama za uhai) inaweza kugoma kufa na kubaki na PV 1. Usipotangulia kulisema, meza itadhani MJ anadanganya.

Ya pili ni Lost Mine of Phandelver, ya kisanduku cha 2014, ngazi ya 1 hadi ya 5. Kisa chake ni ndugu watatu waliogundua mgodi wa zamani, wengine wakataka kuupora, na kijiji cha jirani kiko mikononi mwa genge. Mtu wa Katanga aliyekua akisikia habari za wachimbaji na mashimo ya Kolwezi hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanauana kwa ajili ya mlango wa mgodi. Hapo ndipo naipendea. Nzima inakula vikao 8 hadi 12, kwa hiyo cheza sehemu mbili za kwanza tu: msitu na pango, kisha kijiji cha Phandalin. Mkimkamata Glasstaff, mkuu wa genge, wahusika wamefika ngazi ya 3 na kisa kimepata mwisho unaoeleweka. Mkipenda kuendelea, mgodi bado unawangoja. Lakini angalia kitabu unachoonyeshwa: Phandelver and Below ya 2023 inaanza na kisa hicho hicho, kisha inaendelea hadi ngazi ya 12. Hicho si kitabu cha meza mpya.

Sasa lile pambano la kwanza njiani katika Lost Mine, ambalo limeua meza nyingi. Goblini wanne, vijitu waovu wenye pinde, wamejificha vichakani. Fanya hesabu kwa kanuni za 2014: goblini mmoja ni XP (alama za uzoefu) 50, wanne ni 200, na kwa kuwa maadui ni kati ya 3 na 6 unazidisha kwa 2, unapata 400. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya 1, 400 ndiyo mwanzo wa pambano la kuua. Wakiwa watano, mwanzo huo unapanda hadi 500, pambano linabaki gumu tu. Kiti kimoja kikikosa mtu, umebadilisha pambano bila kujua.

Ubaya wake hauishii kwenye XP. Mshale wa goblini unatoa dadu ya pande 6 kujumlisha 2, yaani wastani wa 5.5. Majisyeni, mhusika wa mazingaombwe, mwenye CON (uimara wa mwili) 14 ana PV 8. Mishale miwili, amelala. Na goblini akishapiga anaruhusiwa kujificha tena katika zamu hiyo hiyo, basi wachezaji wanapigwa na kitu wasichokiona. Weka goblini wawili tu: 100 mara 1.5 ni 150, kati ya rahisi na wastani. Wawili wengine waje raundi ya tatu kama meza inacheka, wasije kama inahema. Hata goblini wakishinda, kitabu chenyewe kinasema goblini huwaacha wahusika wamezimia na kuwapora. Tumia hilo, usiue mtu dakika ya ishirini. Baada ya pango wapandishe wote ngazi ya 2, aliyekuwepo na asiyekuwepo. Kuhesabu XP ya kila mtu kunamwadhibu aliyekwenda matangani.

Neno majisyeni nimelichagua kwa makusudi. Kwa mtu wa hapa mchawi ni mulozi, na ulozi ni shtaka linalovunja familia. Ukimwambia mtoto wa watu kwamba leo yeye ni mchawi, mama yake akasikia kutoka jikoni, hakuna kikao cha pili. Kabla ya kuchagua kisa, uliza waziwazi nani hataki mashetani, wafu au miungu mingine mezani. Wako wengi wanaosali katika makanisa yasiyokubali hata mzaha wa mambo hayo, na jibu lao liheshimiwe bila mjadala. Meza ya namna hiyo ipe Lasers & Feelings: ukurasa mmoja, bure, chombo cha angani. Kila mmoja anachagua namba kati ya 2 na 5. Kwa kazi ya akili na mashine dadu itoe chini ya namba hiyo, kwa kazi ya moyo na maneno itoe juu yake. Dadu za kawaida za pande 6 zinatosha.

Kinyume chake, meza inayopenda hofu iende Call of Cthulhu, kisa cha The Haunting: nyumba moja ya Boston, kikao kimoja au viwili. Kanuni yake inaeleweka papo hapo, kwani ujuzi wako ni asilimia na dadu itoe namba isiyozidi hapo.

Kuhusu lugha, kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, SRD 5.1, zipo bure kwa Kifaransa. Wape wachezaji hizo. Tatizo huanza MJ anaposoma kisa cha Kiingereza na wenzake wana fishi (karatasi za wahusika) za Kifaransa. Andika kwenye karatasi moja na uiweke katikati ya meza: STR ni FOR (nguvu), WIS ni SAG (hekima), AC ni CA (kinga), HP ni PV, futi 5 ni mita 1.5. Bila karatasi hiyo, mtu mwenye mwendo wa mita 9 atasogezwa futi 9. Fotokopi unazohitaji ni fishi na ramani mbili tu. Usitegemee simu kwa hizo, umeme ukikatika na betri zinafuata.

Dadu za pande nyingi ni shida kupata mjini. Ya pande 20 inaigwa kwa mbili: ya pande 10, na ya pande 6 pembeni. Ya pande 6 ikitoa 1 hadi 3, soma ya pande 10 ilivyo (0 ni 10). Ikitoa 4 hadi 6, jumlisha 10. Usijumlishe dadu mbili za pande 10: 1 haitatokea kamwe, na matokeo yatajazana karibu na 11, kwa hiyo shujaa na mzembe watafanana. Huna hata hizo? Kata vikaratasi 20 vya ukubwa mmoja, vitie katika kikombe, na kila kinachotolewa kirudishwe na kikombe kitikiswe kabla ya mwingine kuchota. Wengi husahau kurudisha, na ikifika zamu ya tano kila mtu anajua 20 imeshatoka.