Bonde la Nire na kombe la Munster

Nikimwambia mtu kwamba Ballymacarbry, klabu iliyotawala mpira wa Kigaeli wa wanawake Ireland miaka ya 1990, ilitoka kijijini, swali la kwanza huwa: nani alikuwa tajiri wao? Hapo ndipo historia ya ubingwa wa vilabu wa jimbo la Munster inapoanza kunipa raha, maana huku hakuna kununua wachezaji wala tajiri wa timu. Unachezea ulikozaliwa au unakoishi. Mchezaji halipwi, Jumatatu anarudi kazini kama jirani yake yeyote.

Mpira wenyewe ni wa Kigaeli, si soka. Wachezaji ni 15 kila upande, na mpira unadakwa, unadundwa, unapigwa kwa mguu au kwa ngumi. Goli lina umbo la H. Ukiuingiza chini ya mtambaa panya umefunga bao, nalo ni pointi 3. Ukipita juu yake katikati ya nguzo, pointi 1. Tofauti moja na mchezo wa wanaume huiona mapema: mwanamke anaruhusiwa kuuokota mpira moja kwa moja kutoka chini kwa mikono, wakati mwanamume lazima kwanza auinue kwa ncha ya kiatu. Ndiyo maana mchezo wa wanawake haukwamikwami.

Matokeo huandikwa kwa jozi, mabao kwanza. Siku zangu za mwanzo nilijaza daftari zima nikiamini kwamba 1-10 imeishinda 3-5. Piga hesabu: ya kwanza ni 13, ya pili ni 14. Ilibidi nianze upya.

Chama cha mpira wa Kigaeli wa wanawake kilianzishwa 1974 katika hoteli ya Hayes, mjini Thurles. Mwaka huohuo Tipperary iliifunga Offaly 2-3 kwa 2-2 katika fainali ya kwanza ya ubingwa wa Ireland kati ya timu za kaunti. Pointi moja tu! Ubingwa wa vilabu wa Ireland nzima ulifuata 1977, na ngazi zake ni rahisi kufuata: bingwa wa kaunti anakwenda kupambana jimboni, na bingwa wa jimbo anaendelea kusaka taji la taifa. Munster ina kaunti sita, yaani Cork, Kerry, Limerick, Tipperary, Clare na Waterford.

Sasa turudi kijijini. Ballymacarbry iko Waterford, kwenye bonde la mto Nire chini ya milima ya Comeragh. Wanawake wake walitwaa ubingwa wa vilabu wa Ireland mwaka 1987, kisha kila mwaka kuanzia 1989 hadi 1995, kisha 1997 na 1998. Mataji kumi. Kila unapoliona jina lao kwenye orodha hiyo, ujue Munster walishaipita. Nyumbani Waterford ndiyo usiseme: walibeba ubingwa wa kaunti zaidi ya miaka 40 mfululizo. Binti alikuwa akimkuta mama yake kwenye picha ya mabingwa, naye akaja kupigwa picha kama hiyohiyo.

Wapo wanaosema utawala wa namna hiyo unaua mashindano. Mimi sikubali. Kaunti ya Waterford ilichukua ubingwa wa Ireland 1991, 1992, 1994, 1995 na 1998, na uti wa mgongo wa timu ile ulikuwa wa bonde hilohilo. Klabu moja iliivuta kaunti nzima ikapanda nayo. Hata saa tunayoitumia leo ina mkono wao. Fainali ya Ireland ya timu za kaunti ya 1997, Waterford dhidi ya Monaghan, ilirefushwa kwa zaidi ya dakika 10 za nyongeza, na Monaghan wakashinda. Makelele yaliyofuata ndiyo yaliyoleta saa ya kuhesabu kurudi nyuma na honi ya kumaliza mchezo. Refa hana tena ujanja wa dakika za lala salama.

Baada ya hapo nguvu zikahamia Cork. Donoughmore, klabu ya wachezaji nyota Juliet Murphy na Rena Buckley, ilichukua taji la Ireland 2001 na 2003, na Inch Rovers wakafuata 2010. Lakini kwangu simulizi kubwa ya Cork ni Mourneabbey, jirani na mji wa Mallow, timu ya akina dada Ciara na Doireann O'Sullivan. Munster waliifanya shamba lao. Wakitoka nje ya jimbo, majanga: walipoteza fainali ya Ireland 2014 mbele ya Termon, 2015 mbele ya Donaghmoyne, 2017 mbele ya Carnacon. Fikiria kupanda mlima ule kila vuli, viwanja vimelowa, jua linazama mapema, ukijua ulivyoishia mwaka jana. Mwaka 2018 waliifunga Foxrock-Cabinteely ya Dublin wakalipata taji, na 2019 wakalitetea dhidi ya Kilkerrin-Clonberne ya Galway.

Mwaka 2020 korona ilifuta ubingwa wa vilabu wa Munster na wa Ireland. Halafu 2022 likatokea jambo ambalo mtu wa kumbukumbu kama mimi hulisubiri miaka: Mourneabbey, wababe wa zama hizi, wakaangushwa Munster na Ballymacarbry, baada ya bonde la Nire kukaa zaidi ya miaka 20 bila taji la jimbo. Mwaka uliofuata wakaenda mbali zaidi, hadi fainali ya Ireland uwanjani Croke Park, Desemba 2023. Wakawakuta Kilkerrin-Clonberne, nao ni watu wa vijijini, wakiwa katikati ya mfululizo wao wa mataji manne. Honi ilipolia, kombe lilikwenda Galway.