Epifiti ni nini? Okidi ndogo ya Bwindi inatufundisha

"Mwalimu, huo si ugonjwa wa mti?" Kijana aliyekuwa akitubebea mizigo karibu na Ruhija, katika msitu wa Bwindi, Uganda, aliniuliza hivyo akinionyesha tawi lililoangushwa na upepo wa usiku. Lilikuwa limefunikwa majani yasiyo ya mti wenyewe.

Si ugonjwa. Mmea unaoota juu ya mmea mwingine bila kuunyonya huitwa epifiti. Kimelea hupenyeza mizizi ndani ya mti kikanyonya maji na chakula chake. Epifiti hushikilia gome tu, ipate pa kukaa na mwanga. Maji yake ni mvua na ukungu, chakula inajitengenezea kwa majani yake, na madini inayapata kwenye vumbi na takataka zilizooza juu ya tawi.

Ukitaka kuielewa, inama uitazame Stolzia repens. Ni okidi (moja ya jamii ya mimea ya maua iitwayo "orchid" kwa Kiingereza) ya misitu ya milimani, nayo imeenea hadi Ethiopia na Zimbabwe. Jenasi yake, yaani kundi la spishi za karibu, ilipewa jina mwaka 1915 na Mjerumani Rudolf Schlechter, kwa heshima ya Adolf Stolz, mmisionari aliyekusanya mimea katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Repens ni Kilatini, maana yake "inayotambaa", na kweli inatambaa: vishina vinene vimeungana kimoja nyuma ya kingine juu ya kuvumwani, ile mimea midogo ya kijani inayotanda kwenye gome kama zulia, na vijani vyake ni vya ukubwa wa ukucha. Kwenye lile tawi nilidhani ni kuvumwani mtupu mpaka nilipoona ua, dogo kama punje ya mahindi, la manjano lenye mistari ya wekundu wa kahawia. Nilipiga magoti kwenye tope nilitazame vizuri.

Inaishije bila udongo? Mizizi ya okidi za mitini imevikwa tabaka la seli zilizokufa, linalofyonza maji kama sifongo. Ukipata okidi kubwa kidogo, dondoshea tone la maji kwenye mzizi mkavu mweupe: papo hapo unageuka kijani. Maji yanayobaki huwekwa akiba kwenye vile vishina vinene.

Kuzaa ndiko kugumu. Mbegu za okidi ni laini kama vumbi, upepo huzipeperusha mbali, lakini hazina akiba ya chakula. Isipokutana na kuvu wa kuilisha, mbegu haioti. Kwa hiyo huniuma sana kuona mtu akiibandua okidi mtini akaipande Kampala kwenye kopo, mbali na ukungu na baridi yake.

Tawi likibaki chini kwenye kivuli na unyevu, okidi huoza polepole. Yule kijana alipoelewa, alilinyanyua mwenyewe, akaliegemeza kwenye panda ya mti wa jirani, upande wenye mwanga.