Konokono wa gamba lililochongoka (Melanoides tuberculata) ni yupi?

Ni konokono wa majini mwenye gamba refu, jembamba, lililojisokota kama parafujo. Kwa kawaida hufikia sentimita 2 hadi 3. Yumo Ziwa Victoria, na huvumilia pia maji yenye chumvi kidogo, kama ya midomo ya mito huko Pwani. Mchana hujifukia kwenye mchanga na tope, usiku hutoka kula mwani (utando wa kijani) na majani yaliyooza. Ndiyo maana mtu hukuta magamba makavu tele ufukweni, lakini akichungulia majini saa sita mchana haoni hata mmoja.

Uzazi wake ndio wa ajabu. Wengi ni majike, na huzaa bila dume. Mayai hayatagwi nje: huanguliwa mwilini mwa mama, vitoto vikatoka na magamba yao tayari. Basi mmoja tu akiingia kwenye bwawa la samaki, kwa tope la wavu au mizizi ya gugu maji, anatosha kulijaza. Kuanika bwawa siku moja hakusaidii, kwani ana kifuniko kigumu cha kuziba mlango wa gamba akasubiri maji yarudi.

Mjini Mwanza swali la kwanza huwa: huyu analeta kichocho? Hapana. Kichocho cha tumbo hubebwa na konokono mwingine, Biomphalaria, ambaye gamba lake ni bapa, limejikunja kama kamba iliyolazwa chini, na halina kifuniko. Cha mkojo hubebwa na Bulinus wa malambo na madimbwi, mwenye gamba fupi la mviringo. Ukitaka kuwatazama, tumia chujio lenye mpini mrefu, usichovye mkono.

Kosa la kawaida ni kuona magamba yaliyochongoka ukadhani maji ni salama. Huyu na Biomphalaria huishi mwalo mmoja, tena Biomphalaria hupenda kujibanza kwenye matete na majani. Akiwa na vimelea vya kichocho huviachia majini zaidi jua likiwa kali, navyo hupenya ngozi kwa dakika chache.

Maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani yaache kwenye chombo siku 2; vimelea vikikosa mtu hufa. Ila yachuje kwanza kwa kitambaa, maana konokono aliyeambukizwa akibaki ndani ya ndoo ataendelea kuachia wapya.