Kuzuia kimeng'enya ni rahisi, kuua bakteria ndiyo kazi

Habari za antibaiotiki mpya huwa na mtindo mmoja. Watafiti wamepata kemikali inayozima kimeng'enya muhimu cha bakteria, na msomaji anaachiwa aamini kwamba dawa i njiani. Miaka inapita, dawa haionekani, na watu wanaanza kuuliza nani kaificha. Hakuna aliyeificha. Kati ya kimeng'enya kilicho peke yake kwenye maji ya maabara na bakteria aliye hai ndani ya mgonjwa pana safari ndefu, na dhana nyingi potofu kuhusu dawa hizi zinazaliwa pale mtu anapoiruka safari hiyo.

Dhana: Kemikali ikishazuia kimeng'enya, dawa imepatikana

Wazo lenyewe ni sahihi. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli: kimoja kinaunganisha nyuzi za ukuta wa seli, kingine kinalegeza DNA ili inakiliwe, kingine kinashiriki kutengeneza folati, aina ya vitamini. Ukizima kimojawapo, bakteria anakwama. Penisilini inafanya hivyohivyo: inavizima vimeng'enya vinavyokamilisha ukuta wa seli.

Lakini angalia kilichotokea wazo hili lilipojaribiwa kwa nguvu zote. Kati ya 1995 na 2001, watafiti wa kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline (GSK) na kampuni zilizoizaa waliendesha misako 70 mikubwa, karibu yote ikipima mamia ya maelfu ya kemikali dhidi ya shabaha, yaani sehemu za kulengwa na dawa, zilizochaguliwa kwa kusoma jenomu (jeni zote) za bakteria. Hesabu waliyoichapisha 2007 inasema misako mitano tu ndiyo iliyotoa kemikali za kuanzia zenye matumaini. Mitano kati ya 70, na hapo bado hakuna dawa hata moja.

Sababu ya kwanza ni ya aibu kidogo: vizuizi vingi ni vya uongo. Kuna kemikali ambazo zikiwekwa kwenye maji hujikusanya kuwa vibonge vidogo mno, na kimeng'enya chochote kinachopita karibu hunata juu yake. Mashine inasoma kwamba kimeng'enya kimezimwa, kumbe kimenaswa tu. Dawa ya udanganyifu huu ni matone machache ya sabuni ya maabara: vibonge vinayeyuka, na kimeng'enya kinarudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiniuliza mimi, ripoti ya kizuizi kipya isiyotaja jaribio hilo la sabuni haistahili kusomwa zaidi ya ukurasa wa kwanza.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kuingia ndani ya seli. Vitabu hupenda mfano wa kufuli na ufunguo. Si mfano mbaya, ila unasahau kwamba kufuli lenyewe liko chumba cha ndani, na mlangoni wamesimama walinzi. Bakteria kama Escherichia coli, Klebsiella na Pseudomonas wana utando wa pili kwa nje. Utando huo una vitundu vinavyopitisha molekuli ndogo zinazopenda maji, na kemikali nyingi zilizojaa kwenye maghala ya kampuni za dawa ni kubwa na zinapenda mafuta. Ile inayofaulu kupenya inakutana na pampu, protini zinazoitapisha nje kabla haijajikusanya ya kutosha.

Maabara zina njia nzuri ya kujua tatizo liko wapi. Huchukua E. coli wa kawaida na ndugu yake aliyeondolewa jeni ya TolC, ambayo ni sehemu ya pampu hizo, kisha huwapa wote kemikali ileile. Yule asiye na pampu akifa na wa kawaida akaendelea kustawi, basi kizuizi ni kizuri na kinaingia, ila kinatolewa. Ni habari ya kuumiza kwa mkemia, maana atarudi kuibadilisha molekuli yake, pengine kwa miaka, akijaribu kuwaponyoka walinzi bila kuharibu ule mshiko wake kwenye kimeng'enya.

Dhana: Dawa zote nzuri zilianza kwa kuchagua kimeng'enya

Alexander Fleming aliona kazi ya penisilini 1928. Maelezo ya hatua hasa inayozimwa kwenye ujenzi wa ukuta wa seli yalikuja 1965, baada ya mamilioni ya watu kutibiwa. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ilianza kutumika 1952, na shabaha yake, kimeng'enya kiitwacho InhA, ikatambuliwa 1994.

Isoniazidi ina funzo jingine. Ukiimimina juu ya InhA iliyosafishwa, haifanyi lolote. Ni lazima kwanza ibadilishwe na kimeng'enya kingine cha bakteria mwenyewe, KatG, ndipo iwe na makali. Msako wa kisasa unaopima kimeng'enya kitupu ungeitupa siku ya kwanza. Na bakteria wa kifua kikuu wanajua pa kukimbilia: usugu mwingi dhidi ya dawa hii unatoka kwenye mabadiliko ya jeni ya KatG, si kwenye shabaha yenyewe.

Dhana: Kimeng'enya ambacho bakteria hawezi kuishi bila hicho maabarani, hawezi kuishi bila hicho mwilini

Inategemea anakula nini. Bakteria wengi hujitengenezea asidi za mafuta, na vimeng'enya vya kazi hiyo vimewindwa kwa muda mrefu. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba bakteria aitwaye Streptococcus agalactiae anaweza kuchukua asidi za mafuta zilizomo kwenye damu ya binadamu na kuendelea na maisha yake hata njia yake ya kuzitengeneza ikizimwa. Hilo halikuufunga mjadala. Kwa Staphylococcus aureus hali si hiyohiyo, na afabisini, antibaiotiki inayolenga kimeng'enya cha njia hiyohiyo, ilifika kwenye majaribio ya binadamu.

Dhana: Lazima kimeng'enya kiwe hakipo kabisa kwa binadamu

Kisipokuwepo ni bora. Ndivyo zilivyo dawa za salfa: bakteria hujitengenezea folati, sisi tunaipata kwenye chakula. Ila trimethoprimu inazima kimeng'enya ambacho na sisi tunacho, na bado ni dawa salama kwa watu wengi, kwa sababu inakishika cha bakteria kwa nguvu maelfu ya mara kuliko chetu. Tofauti ya umbo inatosha, ikiwa kubwa.

Dhana: Kizuizi kisichoua bakteria ni kazi bure

Hapa sahani ya maabara inaeleza vizuri kuliko maneno. Chukua sahani ya plastiki yenye vishimo 96, weka kimeng'enya cha beta-laktamasi, kile ambacho bakteria hukitumia kuivunja penisilini, kisha ongeza nitrosefini, kemikali ya rangi ya njano. Kimeng'enya kikiivunja, kishimo kinageuka chekundu mbele ya macho yako. Kwenye vishimo vyenye kizuizi kizuri, njano inabaki njano.

Ukichukua kizuizi kama hicho, tuseme asidi ya klavulani, na kukiweka peke yake kwenye mchuzi wa bakteria, kesho yake utakuta mchuzi umechafuka kwa bakteria waliojaa. Hakijaua bakteria. Ukikiweka pamoja na amoksilini, ambayo peke yake ilikuwa inavunjwavunjwa, mchuzi unabaki safi. Mchanganyiko huo umetumika hospitalini tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na avibaktamu, kizuizi kingine cha beta-laktamasi kilichoidhinishwa Marekani 2015, inafuata njia hiyohiyo ya kuilinda antibaiotiki inayopewa nayo.

Dhana: Shabaha mpya kabisa haiwezi kuwa na usugu

Kimeng'enya kinachovunja penisilini kiliripotiwa 1940, kabla penisilini haijaanza kutumika hospitalini kwa upana. Na kuna kisa cha karibu zaidi. GSK ilikuwa na dawa yenye boroni iliyozima kimeng'enya kinachoandaa lusini, mojawapo ya matofali ya protini, kwa ajili ya kujenga protini. Shabaha ilikuwa mpya, na matokeo ya mwanzo yalivutia. Mwaka 2012 majaribio kwa wagonjwa wa maambukizi ya njia ya mkojo yalisimamishwa: baadhi yao walipata bakteria sugu ndani ya siku za mwanzo za tiba.

Tatizo lilikuwa hesabu. Maambukizi yana mamilioni ya bakteria, na kama badiliko moja kwenye jeni moja linatosha kuikwepa dawa, huenda yupo ambaye tayari analo. Ndiyo maana wakemia sasa wanapenda molekuli inayoshika vimeng'enya viwili kwa pamoja. Gepotidasini, antibaiotiki iliyoidhinishwa Marekani Machi 2025 kwa maambukizi ya njia ya mkojo, inazima girasi ya DNA na topoisomerasi IV, vimeng'enya viwili vinavyoshughulikia DNA, na ili aikwepe vizuri, bakteria anahitaji mabadiliko kwenye zote mbili.

Dhana: Akili bandia imemaliza tatizo

Inasaidia. Halisini, kemikali inayoua bakteria iliyotangazwa 2020 na watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, ilichaguliwa na kompyuta. Lakini kompyuta hiyo ilifunzwa kwa matokeo ya kemikali zaidi ya 2,300 zilizojaribiwa kwa E. coli mzima, na halisini yenyewe inavuruga chaji ya umeme kwenye utando wa seli, haizuii kimeng'enya mahususi.

Dhana: Dawa ikiidhinishwa, kampuni inatajirika

Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha antibaiotiki yake, plazomisini, Juni 2018. Aprili 2019 iliomba kufilisika. Antibaiotiki mpya huwekwa akiba kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine, tena kwa siku chache, kwa hiyo haiuzwi kwa wingi hata ikiwa nzuri. Uingereza imejaribu njia nyingine: mwaka 2022 ilianza kulipa ada ya mwaka, hadi pauni milioni 10 kwa kila dawa, kwa antibaiotiki mbili, iwe zimetumika sana au kidogo. Moja kati ya hizo mbili ni ile yenye avibaktamu.